Kwa nini jamu yangu ya zabibu haigandi, na zile chenga zinazong'aa ni nini?

"Shikamoo mama. Naishi Dodoma, Nzuguni. Shemeji yangu aliyeko Ujerumani alinitumia maelekezo ya jamu ya redikaranti, yale matunda madogo mekundu ya kwao: kilo moja ya matunda, kilo moja ya sukari, unachemsha kwa moto mkali dakika nane, basi. Huku hayapatikani, nikatumia zabibu nyekundu za Hombolo nilizonunua jioni sokoni kwa bei ya kutupa. Nilizisaga, nikachuja maganda, nikachemsha na sukari kama nilivyoelekezwa. Ilibaki nyepesi kama sharubati. Nikairudisha jikoni zaidi ya nusu saa, ikawa nzito ya kunata, inavutika, na ina harufu ya sukari iliyoungua. Chupa nilizoziacha nyepesi sasa zina chenga zinazong'aa chini. Mume wangu alizitema akidhani ni vipande vya kioo. Chupa moja imeota ukungu juu. Mama mkwe anasema niuondoe kwa kijiko, chini ni nzima. Nilitaka kupeleka jamu Nane Nane mwaka huu. Nimekosea wapi? Nikiweka jelatini au konflawa itasaidia?"

Marahaba, mwanangu. Umeuliza mambo manne kwa pamoja na yote yana majibu. Nianze na lile la usalama. Chupa yenye ukungu itupe yote leo. Mheshimu mama mkwe kwa mengine, lakini hili usimfuate. Ukungu unaouona juu ni sehemu tu ya kinachoota humo. Nyuzi zake hushuka chini ambako macho hayafiki, na baadhi ya aina za ukungu hutoa sumu ambayo moto wa jikoni hauimalizi. Kuichemsha upya hakuirudishi kuwa salama. Wala usiwape kuku.

Zile chenga, kwa upande mwingine, karibu nina hakika si kioo. Usiamini kwa maneno yangu tu, jaribu. Chukua chenga mbili tatu, zisuuze, ziweke kwenye kikombe cha maji yanayochemka, kisha koroga kwa dakika chache. Zikiyeyuka, ni chumvi ya zabibu. Zikibaki na kingo zake kali, ni kioo, na chupa zote ulizojaza siku hiyo zitupwe. Kagua pia midomo ya chupa kwa kuipitishia kidole taratibu. Yenye pengo lolote isitumike tena.

Chumvi hiyo hutoka wapi? Zabibu ina asidi ambayo matunda mengi hayana kwa wingi kiasi hicho, asidi ya tatariki. Ndani ya zabibu kuna potasiamu pia. Viwili hivi vikikutana kwenye juisi nzito na jamu ikapoa, hushikana, vikawa fuwele ngumu zinazozama chini. Watu wa viwanda vya mvinyo hapo Dodoma huzibandua kwenye kuta za matangi yao. Hazina madhara, chumvi hiyohiyo ikisafishwa hutiwa kwenye baadhi ya poda za kuumulia keki (baking powder). Ila mnunuzi atakayeitafuna bila kujua atatema kama alivyotema mumeo, kwa hiyo lazima uzitoe mapema. Nitakueleza namna ya kufanya hivyo nikifika kwenye upishi.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Unadhani ulikosea muda wa kuchemsha. Sivyo. Dakika nane zile ni za redikaranti, na maelekezo ya shemeji yako yako sawa kabisa kwa tunda lile. Yaliandikwa kwa tunda lenye kila kitu ndani yake, ukayatumia kwa tunda lenye nusu tu ya vinavyotakiwa.

Ili jamu igande inahitaji pektini, uchachu na sukari, na vyote vitatu viwe kwa kiasi kinachoelewana. Pektini ni nyuzi ndefu zinazoshikilia chembe za tunda pamoja, nyingi zikiwa kwenye maganda na kuzunguka mbegu. Ukichemsha tunda, nyuzi hizo hutoka na kuelea majini. Kwa asili yake kila uzi una chaji ya umeme inayousukuma mwenzake, kwa hiyo hazikaribiani. Uchachu ndio unaoituliza chaji hiyo. Sukari nayo huyavuta maji yaliyozizunguka nyuzi, zikakosa nafasi ya kuelea peke yake. Hapo ndipo zinapokutana na kufungamana zikawa wavu, na wavu huo ndio unaoshikilia juisi isitiririke kwenye mkate. Kikipungua kimoja kati ya vitatu hivyo, wavu hausukiki hata uchochee moto mpaka usiku.

Redikaranti ni tunda la nchi zenye baridi kali. Kichaka chake kinahitaji majira ya baridi ndipo kizae vizuri, ndiyo maana hukioni kwetu. Ni chachu kweli, ina pektini tele na sukari kidogo. Ukiongeza sukari na kuipa moto dakika chache, inaganda bila kubembelezwa. Kule Ufaransa, mji wa Bar-le-Duc ni maarufu kwa jamu ya redikaranti ambayo mbegu za kila tunda hutolewa moja moja kwa unyoya wa bata bukini, na tunda hubaki zima ndani ya jamu iliyoganda kama kito. Kazi ya namna hiyo inawezekana kwa sababu tunda lenyewe linajigandisha haraka, halihitaji kupikwa hadi lisagike.

Zabibu iliyoivia kwenye jua la Dodoma ni kinyume chake. Ina sukari nyingi, uchachu wake umeshuka, na pektini yake ni ya wastani hata ikiwa katika hali nzuri. Zako zilikuwa za jioni, laini, za bei ya kutupa. Tunda likizidi kuiva, vimeng'enya vyake huzikata nyuzi za pektini vipande vipande, na vipande havifumi wavu. Kisha ukachuja maganda kabla ya kuchemsha, yaani uliitupa sehemu yenye pektini nyingi ukabaki na maji matamu. Mwisho ukatia sukari mwanzoni, na sukari ikitangulia hulikaza tunda na kuizuia pektini kutoka. Nakueleza yote haya ujue kwamba mkono wako hauna tatizo.

Ile nusu saa ya ziada iliongeza hasara. Kuchemsha sana kwenye mchanganyiko wenye asidi nako huzikata nyuzi za pektini. Wakati huohuo maji yanatoka na sukari inazidi. Kilichokuja kuwa kizito kwenye sufuria yako hakikuwa jamu iliyoganda, ni sukari iliyokaribia kuwa pipi. Ndiyo maana inavutika. Jamu iliyoganda sawasawa hukatika ukiichota kwa kijiko, na alama ya kijiko hubaki.

Kuna jambo lingine ambalo maelekezo ya Ulaya hayatakuambia. Dodoma mjini iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi joto 96 hivi, si 100. Vitabu husema jamu huiva ikifika 104 au 105. Ukiisubiri 105 hapo Nzuguni utakuwa umeipitisha mbali, umepata gundi. Kama una kipimajoto, kitie kwanza kwenye maji matupu yanayochemka jikoni kwako, soma namba, kisha ongeza nne na nusu. Kwako itaangukia karibu na 101.

Ila kipimajoto hakikuambii kama pektini ipo. Njia ninayoipenda ni ya spiriti, ile ya kuwashia moto au ya kusafishia vidonda. Baada ya kuchemsha zabibu na kabla ya kuweka sukari, chota kijiko kimoja cha chai cha juisi, kiache kipoe kabisa kwenye glasi ndogo, ongeza vijiko vitatu vya spiriti, zungusha glasi polepole na usubiri dakika moja. Inamisha glasi uangalie. Ukiona bonge moja la utelezi unaloweza kulinyanyua kwa uma, pektini ipo ya kutosha. Ukiona mabonge mawili matatu yanayokatika, ni wastani, inahitaji msaada. Ukiona vipande vidogo vinavyoelea au huoni kitu, hiyo juisi haitaganda kwa sukari na moto peke yake. Fanya jaribio hilo mbali na jiko kwa sababu spiriti inashika moto haraka, usionje, na mwaga kilichomo kwenye glasi. Kijiko hicho kimoja kitakuokolea kilo za sukari.

Msaada wenyewe upo sokoni. Cha kwanza ni zabibu zenyewe: kwa kila sehemu tatu za zilizoiva, mwombe muuzaji sehemu moja ya zile ambazo bado ni ngumu na chachu. Ambazo hazijaiva vizuri zina pektini nzima na asidi zaidi. Cha pili ni limao. Maji ya malimao mawili kwa kilo ya zabibu yanatosha kupandisha uchachu ufike panapotakiwa. Usitupe mbegu zake na ile nyama nyeupe ya ndani ya ganda, maana zina pektini nyingi. Zifunge kwenye kitambaa safi, chemsha pamoja na zabibu, halafu kamua kitambaa ndani ya sufuria. Mapera mawili ambayo hayajaiva, yakikatwakatwa na kuwekwa kwenye kitambaa hichohicho, yanaongeza nguvu bila kufunika ladha ya zabibu.

Najua utauliza kuhusu ubuyu, kwa kuwa mko katikati ya mibuyu. Unga wa ubuyu una pektini na uchachu, na watu wengi husema ndio pektini yetu. Ni kweli kwa nusu. Pektini ya ubuyu hujikusanya haraka mno kwenye asidi, na mgando wake huwa dhaifu na usio sawa, pengine madonge, pengine maji. Tena unaifanya jamu isiwe angavu na kuharibu wekundu unaoutaka. Kijiko kimoja kilichoyeyushwa na kuchujwa kinaweza kuisaidia jamu ya kula nyumbani. Kwa ya kuuza nisingeutegemea. Ukwaju nao una uchachu mzuri, lakini uchachu wake ni asidi ileile ya tatariki, kwa hiyo kwenye zabibu unajiongezea chenga. Uache kwa kazi nyingine.

Ninachokipendekeza zaidi, na hapa ni maoni yangu kabisa, ni choya (rozela), yale maua mekundu yanayokaushwa na kutengenezwa juisi. Kati ya vyote vinavyouzwa soko la Majengo, choya ndiyo inayoikaribia redikaranti: chachu sana, nyekundu iliyokoza, na ina pektini yake. Chemsha gramu 30 za choya kavu kwenye robo lita ya maji kwa dakika 15, chuja, changanya na kilo moja ya zabibu. Rangi inakuwa ya kupendeza, utamu uliozidi wa zabibu unapungua, na kwa kuwa umechanganya kitu kingine hata zile fuwele zinapungua. Ukitumia choya, limao moja linatosha.

Upishi sasa. Osha zabibu, ng'oa vikonyo, weka kwenye sufuria na maganda yake pamoja na kikombe kidogo cha maji. Sufuria iwe ya stenlesi. Ile ya alumini huliwa na asidi, jamu ikapata ladha ya bati na wekundu ukafifia. Chemsha kwa moto wa wastani, ukiziponda kwa mwiko, kwa dakika 20 pamoja na kitambaa chako cha mbegu za limao. Usitumie blenda wakati mbegu za zabibu bado zimo. Zikisagwa zinatoa uchungu. Pitisha kwenye chekeche ukikandamiza maganda hadi yatoe kila kitu, ubaki na mbegu na makapi.

Hapa ndipo fuwele zinapotolewa. Weka rojo hilo kwenye chombo chenye mfuniko, kikipoa kiingie kwenye friji usiku mmoja, au miwili ukiweza. Asubuhi mimina polepole bila kutikisa. Chini utaona mchanga unaong'aa. Uache hapohapo, upitishe kilichobaki kwenye kitambaa safi kama bado kina chenga. Kama huna friji usiiache juisi mezani usiku kucha, kwa joto la Dodoma itaanza kuchacha. Pika siku hiyohiyo kwa kuchanganya na choya, pika kiasi kidogo, na muile mapema kabla fuwele hazijakua.

Pima rojo kwenye mizani. Kwa kila kilo weka sukari gramu 750, si kilo nzima, kwa sababu zabibu zako zimekuja na sukari yake. Usipike zaidi ya kilo mbili za rojo kwa mara moja. Sufuria iliyojaa inachukua muda mrefu kupunguza maji, na muda huo ndio unaozimaliza nyuzi za pektini. Pasha rojo na maji ya limao hadi lichemke, punguza moto, tia sukari na ukoroge mpaka usisikie chenga chini ya mwiko, halafu pandisha moto lichemke kwa nguvu.

Kujua imeiva, tumia mizani tena. Pima sufuria tupu kabla hujaanza na uandike uzito wake ukutani. Kilo moja ya rojo na gramu 750 za sukari zinapopungua hadi kilo 1.4 hivi, sukari imefika karibu asilimia 65, na hicho ndicho kiwango cha jamu inayokaa. Ukiwa huna mizani, weka kisahani kwenye friza mapema, dondoshea jamu kidogo, subiri dakika moja, isukume kwa kidole. Ikikunja uso, epua. Wakati unasubiri kisahani, zima moto. Wengi huharibu jamu katika dakika hiyo moja ya kungoja.

Kuhusu ukungu wako: nadhani ulijaza chupa zikapoa wazi chini ya kitambaa, ukafunika asubuhi. Mvuke uligeuka matone juu ya jamu, matone yakaizimua sukari pale juu, na ukungu ukapata mahali pa kuota. Chupa za kioo zichemshwe dakika 10 na ziwe bado moto unapozijaza jamu ya moto, ukiacha chini ya sentimita moja juu. Futa mdomo, funga kwa mfuniko mpya, kisha zitumbukize chupa zilizofungwa kwenye maji yanayochemka yazifunike kabisa, kwa dakika 10. Kwa ukanda wa pwani dakika tano hutosha. Kwenu maji hayafiki joto lile, kwa hiyo muda unaongezwa. Ikishafunguliwa, ikae kwenye friji na ichotwe kwa kijiko kikavu.

Jelatini sikushauri. Inagandisha kwenye ubaridi na kuyeyuka kwenye joto la kiasi cha nyuzi 30 na kitu, na mchana wa Oktoba hapo kwenu meza ya banda inalifikia joto hilo. Zaidi ya hapo hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, na wateja wako wengine watataka kujua ni mnyama gani. Konflawa hufanya kitu kizito, lakini ni uji mtamu: unatoa maji ukikaa, na unaharakisha kuharibika. Ukitaka kuongeza kitu, ongeza pektini ya unga inayouzwa kwa waoka keki, ukifuata kipimo cha pakiti, na uichanganye kwanza na sukari kavu kidogo ili isifanye madonge.

Zile chupa nyepesi ambazo hazina ukungu hazijapotea. Chuja chenga, uzitumie kwenye mtindi, kwenye uji wa watoto au kwenye maji baridi. Ukipenda kuzijaribu upya, chukua chupa moja tu, ongeza maji ya nusu limao na maji mazito ya mapera mabichi, ichemshe kwa nguvu na uangalie kwenye kisahani. Ile iliyoungua haiwezi kurudi. Harufu ya moto haitoki.

Kuhusu Nane Nane, ukiwa unapika kwa ajili ya nyumba yako, haya yanatosha. Ukitaka kumuuzia mtu usiyemjua, maelezo ya kusoma hayatoshi, yangu yakiwemo. Nenda ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, uulize mafunzo ya usindikaji wa matunda na utaratibu wa kupata alama ya ubora. Tangu 2019 usalama wa chakula uko chini ya TBS, shirika la viwango. Omba jamu yako ipimwe uchachu na kiwango cha sukari kwa vifaa, si kwa ulimi. Peleka chupa tatu za mapishi matatu tofauti, kila moja ikiwa na tarehe, uzito wa zabibu, uzito wa sukari na idadi ya malimao, ili atakayekupokea aone ni kipimo kipi cha kurekebisha. Na ukiona kifuniko kimevimba, jamu inatoa povu au inanuka pombe, usiionje kujua ina nini. Ifunge kwenye mfuko uitupe, na upeleke SIDO maelezo ya namna ulivyoipika.